Maiti wa 95: Kisa cha kwanza cha Bruda Cadfael

Mfalme aliamuru wanyongwe watu 94. Mtawa aliyejitolea kuwaosha alipowalaza safu kwa safu na kuwahesabu, alipata 95. Akarudia kuhesabu. 95.

Hicho ndicho kiini cha kisa ninachotaka kukichambua hapa, na kwangu mimi hakuna tamthilia ya upelelezi iliyoanza vizuri zaidi ya hii. Ni kipindi cha kwanza cha *Cadfael*, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha ITV cha Uingereza kuanzia 1994 hadi 1998, vipindi 13 kwa jumla, kila kimoja cha kama saa moja na robo, Derek Jacobi akiwa ndiye mtawa mwenyewe. Kipindi kinaitwa *One Corpse Too Many*, yaani maiti amezidi mmoja. Kimetokana na riwaya ya 1979 ya Ellis Peters, jina la kalamu la Edith Pargeter, mwanamke wa Shropshire ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi katika duka la dawa, na ndiyo maana mitishamba ya Cadfael, mtawa mtunza bustani ya dawa, ina harufu ya kweli. Riwaya hiyo ni ya pili katika mfululizo wake, lakini watengenezaji wa tamthilia waliitanguliza. Walifanya vyema. Ukitaka kumjua mtu, mwangalie anavyowatendea wafu wasio na mtu.

Nitamtaja muuaji. Ambaye hajaitazama na anataka kubahatisha mwenyewe, aache kusoma hapa.

Mji, ngome na hasira ya mfalme

Ni Agosti 1138, mjini Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mto Severn umeuzunguka mji huo kama kitanzi, ukiacha shingo nyembamba tu ya nchi kavu, na ngome imejengwa hapo hapo shingoni. Upande wa mashariki, ukishavuka daraja, unakutana na abasia, yaani monasteri kubwa, ya watawa Wabenedikto iliyoasisiwa mwaka 1083. Hakuna kilichobuniwa katika hayo, na kanisa la abasia hiyo lingali likisaliwa hadi leo.

Ugomvi wenyewe ni wa urithi. Mfalme Henry I alimpoteza mwanawe wa kiume wa ndoa mwaka 1120, meli ilipozama. Akawaapisha wakubwa wa nchi wamkubali binti yake Maud. Henry alipofariki Desemba 1135, mpwa wake Stephen aliwahi Uingereza na kuvikwa taji kabla mwezi haujaisha. Waliokuwa wamekula kiapo wakagawanyika, na nchi ikaingia katika vita vilivyokuja kumalizika kwa mapatano mwaka 1153. William FitzAlan, mwenye ngome ya Shrewsbury, alisimama na Maud. Stephen akaja na jeshi, akaizingira ngome, akaiteka. FitzAlan akaponyoka. Waliobaki ndani ndio waliolipa.

Na hili la kulipa nalo lilitokea. Orderic Vitalis, mtawa na mwandishi wa historia wa zama zile, ameandika kwamba mfalme aliamuru Arnulf wa Hesdin na wengine wapatao 93 watiwe kitanzi. Stephen alikuwa anaonekana mpole, na watu walikuwa wameanza kumpanda kichwani, hivyo safari hii alitaka aogopwe. Nikupe jambo moja linaloniganda kila nikilikumbuka: Orderic alizaliwa mwaka 1075 karibu na Shrewsbury, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuianzisha abasia ile ile. Alipofika umri wa miaka 10 alipelekwa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kulelewa utawani, akaishi huko. Kwa hiyo yule mzee alipokuwa anaandika idadi ile, alikuwa anaandika juu ya kwao.

Pargeter aliichukua idadi hiyo kutoka kwenye historia, akaiongeza mtu mmoja. Ubunifu wote wa kisa umeanzia kwenye huyo mmoja.

Kunyongwa na kunyongwa

Kiswahili chetu kina neno moja hapa, na ni vizuri tulifungue kabla hatujaendelea. Hakimu anahukumu mtu anyongwe. Jambazi naye anamnyonga mtu gizani. Sikio linasikia kitu kimoja, lakini shingo haisemi kitu kimoja.

Aliyetundikwa kwenye kitanzi anavutwa na uzito wa mwili wake mwenyewe. Alama ya kamba inapita chini ya taya, kisha inapanda kuelekea fundo, mara nyingi nyuma ya sikio. Aliyekabwa kwa nyuma alama yake haipandi. Inazunguka shingo usawa mmoja, kama mstari uliochorwa kwa rula. Cadfael alipoinama juu ya yule kijana asiyejulikana alikuta alama nyembamba kuliko kamba ya mnyongaji. Ilikuwa ya ugwe, ule mwembamba, uliotupwa shingoni kutoka nyuma na kuvutwa. Huyu hakufa kwa amri ya mfalme. Aliuawa mahali pengine, usiku, kisha akachanganywa na wafu waliotupwa chini ya ukuta wa ngome, mahali ambapo hakuna ambaye angemtafuta. Ukitaka kuficha jani, msitu ulikuwa tayari.

Hapa sina budi kusema ya kwetu kidogo. Baba yangu mdogo alikuwa anaosha maiti mtaani kwetu, na nilipokuwa kijana alinichukua mara kadhaa nimshikie birika. Nakumbuka mkono wake wa kushoto ukiwa umeviringishwa kitambaa, shuka limefunika kutoka kitovuni hadi magotini, maji yakianzia upande wa kulia. Hakuongea. Siku moja nilimwona amesimama kidogo akiangalia mbavu za marehemu, palipokuwa na kovu refu la zamani, kisha akaendelea kumimina maji. Tulipotoka nikamuuliza lile kovu ni la nini. Akaniambia: ulichokiona ndani hukukiona. Kumsitiri maiti ni nusu ya kazi.

Ndiyo maana kila nikitazama kipindi hiki naona kitu ambacho pengine mtazamaji wa London hakioni upesi. Cadfael hakumkuta maiti wa 95 kwa kuwa ni mpelelezi. Alimkuta kwa kuwa ni mwosha. Wanajeshi waliwaua wakawatupa, na karani wa mfalme aliandika idadi. Hakuna kati yao aliyewashika mmoja mmoja. Mtu wa kwanza aliyeinua kila kichwa na kukigeuza upande ndiye aliyeona. Upelelezi wake ulitoka kwenye heshima ya mazishi, na mwandishi hakuuchomeka kwa nguvu.

Wakati huo hapakuwa na afisa wa kuchunguza vifo vya ghafla katika Uingereza. Kazi hiyo iliundwa mwaka 1194, miaka 56 baadaye. Maiti alikuwa na ndugu zake tu wa kumsemea, na huyu hakuwa hata na jina. Cadfael alikwenda mwenyewe kwa mfalme. Msaidizi mmoja alipodokeza kwamba pengine wamekosea kuhesabu, mtawa hakurudi nyuma: waliamriwa 94, yeye ameosha 95.

Wapo wanaouliza, na mimi nimewahi kuuliza: watu 94 wameuawa mchana kweupe na mtawa anapiga mbio kwa ajili ya mmoja? Ni swali zito na sitaki kulipuuza. Jibu ninaloliona ndani ya kisa ni kwamba wale 94 mwenye kuwaua anajulikana, ana jina, na atabeba mbele ya Mungu na mbele ya historia. Orderic alishaandika. Lakini wa 95 mwenye kumuua amejificha nyuma ya mgongo wa mfalme. Cadfael akinyamaza, jina la muuaji linafutika na hesabu inamwangukia mwingine. Hata hivyo haniridhishi jibu hilo moja kwa moja, na nadhani halimridhishi Cadfael pia. Ukimtazama Jacobi pale anapopita kati ya safu, hamkimbilii wa 95 na kuwaacha wengine. Wote wameoshwa. Watu wa mji wameitwa waje wachukue wa kwao.

Uzi wa ushahidi

Marehemu alitambuliwa na msichana aliyekuwa amevaa kiume. Godith, binti wa kabaila mmoja wa upande wa Maud, alikuwa amefichwa abasiani kama kijana wa kusaidia bustani ya dawa, na Cadfael aliligundua hilo mapema akalinyamazia. Godith alipomwona maiti kanisani alimjua: Nicholas Faintree, kijana wa FitzAlan. Baadaye akapatikana mwenzake, Torold Blund, aliyekuwa amejeruhiwa na kujificha. Naye ndiye aliyeleta maelezo. Wawili hao walitumwa kuitorosha hazina ya FitzAlan usiku wa kuanguka kwa ngome, waifikishe kwa Maud. Njiani farasi wa Faintree alikanyaga chuma chenye ncha, kile kinachotegwa ardhini kulemaza farasi. Torold alimwacha mwenzake katika kibanda msituni akaenda kutafuta farasi mwingine. Aliporudi, Faintree ameuawa, na yeye mwenyewe akarukiwa gizani.

Tusimame hapo kwenye kile chuma, maana watazamaji wengi wanakipita. Chuma cha kutega hakianguki njiani chenyewe usiku ule ule na kwenye njia ile ile. Kimewekwa. Aliyekiweka alijua njia, alijua usiku, alijua mzigo. Na siri hiyo ilikuwa ya watu wachache waliokuwa ndani ya ngome iliyozingirwa. Kwa maana hiyo, kabla ya kumtafuta muuaji nje, ilibidi kujiuliza ni nani aliyeuza habari kutoka ndani.

Uzi wa pili ni kito. Katika sakafu ya udongo ya kile kibanda Cadfael alikuta kipande cha topazi ya manjano kimekanyagwa kikazama. Kilibanduka kwenye mpini wa jambia wakati wa purukushani. Sasa, miongoni mwa wale 94 alikuwamo kijana aitwaye Giles Siward, na dada yake Aline alikuja kumchukua. Alikabidhiwa vitu vyake, lakini jambia la ukoo wao, lenye mapambo anayoyajua tangu utotoni, halikuwamo.

Uzi wa tatu ni joho. Aline alilitoa joho la kaka yake sadaka, likamfikia kilema mmoja ombaomba. Yule maskini akalitambua. Alikuwa ameliona begani mwa kijana aliyetoka ngomeni kwa kunyemelea, usiku wa kuamkia kuanguka kwake, akaingia kambini kwa mfalme, kisha akarudi alikotoka. Napenda sana kwamba ushahidi huu umetoka kwa ombaomba. Mtu anayekaa chini langoni siku nzima ameona nguo za watu wote wanaopita, na hakuna anayemwona yeye.

Ukiziunganisha hizo nyuzi tatu, muuaji anajitokeza. Giles alitoka usiku akauza siri ya hazina ili aokoe roho yake. Aliyeinunua alimwahidi uhai. Ngome ilipoanguka, yule mnunuzi alimwacha Giles apande kitanzini pamoja na wenzake, maana mfu hadai ahadi, akalichukua jambia lake, akaenda kuvizia hazina. Aliyekuwa na jambia baada ya Giles kufa ndiye aliyekuwa kibandani usiku ule. Ni Adam Courcelle, afisa wa mfalme, mtu mwenye sura ya kutegemewa, ambaye wakati wote huo alikuwa anamposa Aline kwa maneno laini, akimpa pole kwa msiba ambao yeye ndiye aliyeuacha utokee.

Tamthilia inalifunika hili kwa ustadi kwa kumweka mbele yetu Hugh Beringar. Kijana mwerevu, mkimya, amekuja kujisalimisha kwa Stephen, anaizungukia hazina na anamfuata Cadfael kama kivuli. Katika kipindi hiki anaigizwa na Sean Pertwee. (Nafasi hiyo baadaye ilipita kwa waigizaji wengine wawili, na mimi bado moyo wangu uko kwa huyu wa kwanza.) Tunamshuku Hugh karibu muda wote. Wanavyochezeana yeye na mtawa, nani ataificha na nani ataipata hazina, ni sehemu yenye raha, lakini ni pazia. Nyuma ya pazia hilo Courcelle anakula na kunywa mezani kwa mfalme.

Kwa nini upanga

Mwisho wa kisa umelaumiwa, na naelewa kwa nini. Ushahidi umekusanywa kwa akili, kito kimeonyeshwa mbele ya mfalme na wakuu wake, na jambia lililotolewa mtoni limewekwa kando ya kito vikaoana. Courcelle anakana. Halafu badala ya hukumu, Hugh anamtaka wapigane, na mshindi ndiye aliyethibitishwa na Mungu. Mtazamaji wa leo anasema: tumefikiri saa nzima ili mwenye mkono mrefu ashinde?

Kihistoria hakuna kosa hapo. Hukumu ya mapigano ililetwa Uingereza na Wanormani, na sheria ya nchi hiyo haikuifuta hadi mwaka 1819. Katika mwaka 1138 mtu mwenye hadhi akimshitaki mwenzake mauaji pasipo shahidi wa macho, hiyo ilikuwa njia iliyokubalika. Lakini utetezi huo wa kihistoria ni mdogo. Sababu kubwa imo ndani ya kisa.

Kesi ya maneno ingemtaka Courcelle ajieleze. Na angejieleza, angesema yote, pamoja na nani alimletea siri. Giles Siward, aliyekufa akihesabiwa miongoni mwa waliosimama na bwana wao hadi mwisho, angetajwa mbele ya umati kuwa ndiye aliyewauza. Aline angesikia. Angeondoka Shrewsbury na maiti wawili, kaka yake na heshima ya kaka yake. Hugh alilijua hilo, na Cadfael alilijua. Ndipo Hugh akaweka shingo yake mwenyewe rehani, akidai jambo moja tu hadharani, mauaji ya Faintree, ili lile la pili lisije likatamkwa. Courcelle alipokufa katika pambano hilo, mdomo wa mwisho ambao ungeweza kumwambia Aline ulifungwa.

Mara ya kwanza nilipolielewa hili nilimkumbuka baba mdogo na kovu la mbavuni.

Maana kazi ya mwosha ina nusu mbili, na kisa hiki kimezifanya zote. Kwa Faintree, Cadfael alikataa kunyamaza. Kilichokuwa shingoni kwake hakikuwa aibu yake, ilikuwa dhuluma aliyotendewa, na dhuluma haisitiriwi. Alikipeleka hadi kwa mfalme. Kwa Giles alinyamaza. Kile kilikuwa kosa lake mwenyewe, alilolitenda kwa hofu, usiku mmoja, na alishalilipa kwa kitanzi. Kulitangaza kusingemrudishia uhai hata mmoja wa wale 94. Mikono ile ile, siku zile zile, maiti wa safu zile zile, mmoja amefunuliwa na mmoja amefunikwa, na sioni mgongano wowote. Wapo wasomi wa hadithi za upelelezi wanaosema mpelelezi mzuri hutoa ukweli wote mezani. Siafikiani nao hapa. Wangefanya kazi ya uosho siku moja tu wangeona.

Kuna gharama, sikatai. Watu wa FitzAlan waliobaki hawakujua nani aliwauza, na Torold Blund angekuwa na haki ya kujua kwa nini mwenzake alitegewa chuma. Hilo kisa kinalipita haraka mno kwa maoni yangu. Torold na Godith wanaondoka na hazina kuelekea kwa Maud, wamependana, na hakuna anayewaeleza. Ningetamani sentensi moja tu.

Cadfael mwenyewe alikuwa mtu wa kuelewa kufunika. Kabla ya utawa alikuwa askari wa Vita vya Msalaba, baharia, mtu aliyempenda mjane wa Kiislamu huko Antiokia na kujifunza dawa za Mashariki kutoka kwa watu aliotumwa kupigana nao. Alivaa joho la utawa akiwa mtu mzima, miaka 40 na kitu, akiwa na mengi ambayo hakumsimulia kila mtu. Jacobi anauonyesha uzito huo bila kuusema, kwa namna anavyoosha mikono yake taratibu baada ya kazi ile ngomeni. Upigaji picha wenyewe ulifanyika Fót, karibu na Budapest nchini Hungaria, ambako mji mzima wa zama za kati ulijengwa upya, na matope yake yanaaminika kuliko ya tamthilia nyingi za aina hii.

Faintree alizikwa kanisani kwa heshima, mgeni kati ya watawa, akiwa amepata jina lake. Hugh na Aline walioana. Katika riwaya zinazofuata wanapata mtoto wa kiume, na Aline anampa jina la kaka yake. Kwa hiyo kila asubuhi Hugh Beringar, anayejua kila kitu, anasimama mlangoni kwake na kumwita mwanawe: Giles.